Safari ya Jamaa Kwenda Bujora

Mwacha mila ni mtumwa. Methali hii imesemwa mara nyingi katika mikutano na majarida yetu hata yaelekea kuchakaa. Lakini aghalabu husemwa bila kuelezwa mtu aanze wapi iwapo ataka kuzishika mila hizo. Mzazi akiambiwa, "Wafunze watoto wako utamaduni wa taifa lao," hukubali kwa kichwa, kisha hurudi nyumbani asijue afanye nini. Katika makala haya nakusudia kueleza jambo moja dogo ambalo kila mzazi wa Shinyanga, Kahama na Geita aweza kulifanya: kuwachukua jamaa zake, wakubwa kwa wadogo, akaenda nao kutembelea Makumbusho ya Wasukuma yaliyopo Bujora, na kuiandaa safari hiyo kama inavyostahili.

Mwalimu Nyerere, alipolihutubia Bunge tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya nchi kuwa Jamhuri, alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Akaeleza ya kuwa utamaduni ndio roho ya taifa, na kwamba ukoloni ulikuwa umewafanya watu wengi wazionee haya ngoma na nyimbo zao. Yafaa tuangalie jinsi majina mawili yalivyowekwa pamoja katika wizara ile: utamaduni na vijana. Haikuwa wizara ya kuhifadhi vitu vya kale kabatini. Ilikuwa wizara ya kurithisha. Na kurithisha hakuwezi kufanywa na wizara peke yake. Mwenye mwana ndiye mwenye kazi.

Huenda msomaji akauliza: Bujora ni mnara gani? Sisi tuliosoma shule za wakati wa Mwingereza tulizoezwa kudhani kwamba kumbukumbu ya historia ni lazima iwe jiwe refu au sanamu ya shaba. Tuliifahamu sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927, na baadaye tukaujua Mnara wa Azimio la Arusha. Hizo ni kumbukumbu za haki. Lakini wazee wa Usukuma hawakujenga minara. Historia yao waliiweka katika ngoma, katika kiti cha mtemi, katika jembe la chuma, katika jina la ukoo na katika wimbo. Vitu vya namna hiyo havionekani toka mbali, wala havidumu vyenyewe. Mchwa huvila, moto huviteketeza, na mjukuu asiyejua thamani yake huviuza. Ndiyo maana mahali palipovikusanya pamestahili kuitwa mnara, na pengine ni mnara mkubwa kuliko ile ya mawe.

Tuitazame kwanza nchi yenyewe tunayotoka. Ukanda huu, kuanzia Shinyanga kupitia Kahama hadi Geita, ulimwengu waujua kwa kile kilichofukuliwa ndani yake. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, ikaifungua nchi ya pamba na ng'ombe kwa biashara ya mbali. Mgodi wa dhahabu wa Geita ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi ulipofungwa mwaka 1966. Ukafufuliwa kwa mitambo mikubwa mwaka 2000. Mwaka 1940 mtaalamu wa miamba kutoka Kanada, John Williamson, aligundua almasi Mwadui. Almasi moja ya rangi ya waridi, iliyopatikana huko mwaka 1947, alimzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa arusi yake. Katika makao ya kifalme kule London, kipande cha ardhi ya Shinyanga kimehifadhiwa kwa heshima na jina lake lajulikana. Je, kiti cha mtemi wa Shinyanga chahifadhiwa wapi, na ni watoto wangapi wa Shinyanga wanaoweza kulitaja jina la mwenye kukikalia?

Sisemi haya kwa wivu wa almasi. Nasema kwa sababu nchi yenye mali chini yake ina hatari ya kutazamwa chini tu. Watu wamekuja Geita na Kahama kutoka pande zote: Wasukuma, Wazinza, Wasumbwa, Wanyamwezi, Waha, Wahaya, Wajita, Wakurya na wengineo. Kambi ya wachimbaji huota kama uyoga baada ya mvua, na dhahabu ikihama watu huhama. Mtoto azaliwa kambi hii, aanza shule kambi ile, amaliza darasa la saba kambi ya tatu. Babu yake yuko mbali, na lugha ya babu haisikii. Katika miaka niliyotumikia serikali mkoani Shinyanga, nilipata kuandikisha vijana kwa ajili ya shughuli za utamaduni. Nilipowauliza jina la baba walijibu mara moja. Jina la babu waliliwaza. Jina la baba wa babu, wengi walicheka. Kile kicheko ndicho kilichonifanya nifikirie habari ya safari hii.

Hata hivyo, kabla ya dhahabu ya makampuni palikuwa na chuma cha wenyeji. Walongo, wahunzi mashuhuri wa Buzinza katika nchi ambayo leo ni Mkoa wa Geita, waliyeyusha mawe ya chuma kwa matanuri ya udongo, makaa na mivukuto, wakafua majembe yaliyouzwa mbali, Usukuma na Unyamwezi. Jembe lilikuwa chombo cha kulimia, tena lilikuwa mali: liliingia katika mahari na katika malipo. Kwa hiyo mtoto wa Geita aambiwaye kwamba ufundi wa madini uliletwa na wageni ameambiwa nusu ya habari. Nusu ya pili ataiona kwa macho yake Bujora, katika nyumba ya mhunzi.

Bujora ipo karibu na Kisesa, katika Wilaya ya Magu, umbali usiofikia kilometa 20 kutoka mjini Mwanza kwa barabara ya Musoma. Mwanzilishi wa makumbusho alikuwa Padri David Clement, mmisionari kutoka Quebec nchini Kanada, ambaye Wasukuma walimwita Fumbuka. Mwaka 1958 lilijengwa pale kanisa la duara kwa mfano wa nyumba ya Kisukuma, na altare yake ikafuata umbo la kiti cha mtemi. Jambo hili si dogo. Huo ulikuwa wakati ambapo wamisionari wengi waliziita ngoma zetu mambo ya kishenzi, na Mkristo aliyeonekana uwanjani akicheza aliweza kutengwa. Padri huyu aliona kinyume: kwamba mtu hawezi kuabudu vema kwa kujikana mwenyewe. Akakusanya vyombo, akasikiliza wazee, na pamoja nao akapajenga mahali pa kuvihifadhi.

Kazi hiyo ilifanyika wakati wa haja. Usukuma ulikuwa na tawala za watemi zaidi ya hamsini, ambazo baada ya Vita Kuu ya Pili ziliunganishwa katika shirikisho lililokuwa na makao yake Malya. Mwaka 1963 serikali ya nchi huru iliufuta utawala wa watemi kwa sheria. Sababu zake zilikuwa nzuri. Taifa moja halikuweza kujengwa juu ya milango hamsini, na watemi wengi walikuwa wamekwisha kugeuzwa na Mwingereza kuwa watoza kodi wake. Lakini mamlaka yalipoondoka, ngoma zilibaki bila mlinzi. Ngoma ya utemi haikuwa ya kuchezea: ilikuwa shahidi wa kutawazwa, na wale waliomchagua mtemi waliitwa banang'oma, yaani watu wa ngoma. Zipo zilizooza katika maboma yaliyohamwa. Zipo zilizochukuliwa. Na zipo zilizofika Bujora, ambako zimewekwa katika jengo lililofanana na kiti cha kitemi. Mtu asimamaye mbele ya ngoma zile hazitazami himaya zilizokufa. Azitazama hati za serikali ya watu waliokuwa hawaandiki.

Sasa na tuseme juu ya maandalizi, kwani safari njema huanza nyumbani.

La kwanza ni kuchagua wakati. Mwezi wa Juni wafaa kuliko miezi mingine. Mvua zimekwisha, shule zina likizo, na pamba inavunwa hata mzazi mkulima ana senti za nauli. Tena ndipo huwapo sikukuu ya Bulabo, iendayo pamoja na Sikukuu ya Ekaristi, ambapo Bujora hujaa wachezaji. Hapo hushindana Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma yaliyoanzishwa katika karne ya 19 na waganga wawili mashuhuri, Ngika na Gumha. Kila upande hutafuta kuwavuta watazamaji, na ushindi ni wa yule aliyezungukwa na watu wengi. Mtoto ataona bagobogobo wakirusha majembe yao kwa mwendo wa ngoma, na bayeye wakicheza na nyoka walio hai. Ataona ya kuwa kazi ya shamba ilikuwa na wimbo wake, na ya kuwa hata hatari ya nyoka ilikuwa na chama cha watu walioisomea. Lakini anayetaka utulivu wa kuuliza na kujibiwa, yafaa aende siku isiyo ya sikukuu.

La pili ni njia. Anayetoka Shinyanga ana mwendo wa kilometa 160 hivi hadi Mwanza. Anayetoka Geita zamani alikuwa na adha ya kivuko kati ya Busisi na Kigongo, ambako jamaa wenye watoto wadogo waliweza kupoteza nusu ya siku. Mwezi wa Juni 2025 daraja la John Pombe Magufuli, lenye urefu wa kilometa tatu na ushei, lilifunguliwa pale, na adha hiyo ikaisha. Njia hizi mbili hukutana Usagara, na kutoka hapo ipo barabara ya mchepuko hadi Kisesa isiyowalazimu wasafiri kuingia mjini. Kwa hiyo ndugu wa Shinyanga na ndugu wa Geita waweza kupatana wakutane Usagara, wakamalizia mwendo pamoja. Katika ukoo uliotawanywa na migodi, kukutana huko peke yake ni nusu ya faida ya safari.

La tatu, na ndilo kubwa, ni kumchukua mzee. Jamaa wakienda bila babu au bibi watasoma vibao na kusikiliza mwongozaji, nao watafaidika kiasi. Wakienda na mzee, vitu vitasema. Mzee akikiona kinu, mtungi au kibuyu cha maziwa, hatasema kilikuwa na kazi gani tu; atasema mama yake alikishika namna gani. Asimamishwe mbele, apewe kiti, asiharakishwe. Watoto wafundishwe tangu nyumbani kumwamkia kwa lugha yake: "Mwangaluka, guku," asubuhi, na "Mwadila" jioni. Ikiwa mzee ni Mzinza au Muha au Mjita, vivyo hivyo ataona yanayofanana na ya kwao na yanayotofautiana, naye aulizwe: "Kwenu hili mliliitaje?" Bujora ni makumbusho ya Wasukuma, lakini jembe, ngoma na kiti havina kabila moja nchini mwetu. Anayekwenda pale kujivunia kabila lake dhidi ya makabila mengine amekosea njia.

La nne ni maswali. Kila mtoto aandae maswali mawili au matatu ayaandike katika daftari. Naomba lisikosekane swali juu ya hesabu, kwani Bujora pana chombo kimoja ambacho watoto hukipenda sana: gogo la kuzungushwa lionyeshalo namna mbalimbali za Wasukuma za kuhesabu moja mpaka kumi. Kila rika lilikuwa na hesabu yake, nayo ilitumika kama lugha ya siri ya rika lile. Kijana wa leo adhaniaye kwamba misimu na mafumbo ya vijana yalizuka mjini, atagundua kuwa babu zake walikuwa nayo, tena iliyopangwa vizuri zaidi.

Ipo nyumba moja ambayo wazazi wengi hupenda kuipita upesi, nami nashauri wakae ndani yake kuliko zote. Nayo ni nyumba ya mganga. Sababu ya kuipita naijua: ni aibu na hofu. Katika mikoa yetu hii, tangu miaka ya 1970 na kuendelea, wazee wengi, hasa akina mama, wameuawa kwa kusingiziwa uchawi. Wengine kosa lao lilikuwa macho mekundu, ambayo yalitokana na moshi wa miaka mingi ya kupikia kwa kuni na mavi ya ng'ombe. Kisha, kuanzia mwaka 2007 hivi, ndugu zetu wenye ualbino wakawindwa na kuuawa kwa sababu wapiga ramli waliwaahidi watu utajiri, wakiwamo wachimbaji wa dhahabu na wavuvi. Mwezi wa Januari 2015 serikali ilitangaza kupiga marufuku wapiga ramli. Lakini marufuku hukata tawi. Shina hukatwa kwa mafunzo.

Wapo wasemao kwamba maovu haya ndiyo mila zetu, na kwamba dawa yake ni kuzitupa mila zote. Wapo pia watendao maovu hayo huku wakijisitiri chini ya jina la mila. Wote wawili hawaijui mila. Mganga wa kale alijua mizizi na majani, alijua kuunga mfupa na kutuliza homa, naye alijulikana jina, ukoo na mahali akaapo, akikosea aliulizwa. Mauaji ya binadamu kwa kutafuta bahati ya machimbo si dawa, ni biashara ya kinyama iliyokua pamoja na uchu wa mali. Mzazi asimame katika nyumba ile, awaambie watoto wake maneno haya waziwazi, mbele ya babu yao na mbele ya bibi yao. Ikiwa safari nzima haikuzaa faida nyingine ila kijana mmoja kutoka machimboni akatae siku moja neno la mpiga ramli, basi nauli imelipwa.

Na kwa upande wa pili waonyeshwe kwamba mila iliyo njema haikufa. Mfano upo Shinyanga kwenyewe. Wasukuma walikuwa na desturi ya ngitili: kutenga sehemu ya malisho isiguswe wakati wa masika, ili ng'ombe wapate majani kiangazi. Miti ilipokwisha kukatwa na ardhi ikaanza kuwa kame, serikali ilianzisha mwaka 1986 mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioitwa HASHI kwa kifupi. Mpango huo haukuanza kwa kuleta ujuzi mgeni peke yake. Uliwarudia wazee ukaifufua ngitili, na maelfu ya hekta yakarudi kuwa kijani. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipewa tuzo ya kimataifa. Basi kijana akisema, "Mambo ya wazee yana faida gani?" apelekwe akaone miti, ajibiwe na kivuli.

Watu watanung'unika kwamba safari hii ni gharama. Ni kweli si ya bure. Lakini twachangia arusi kwa mamilioni, twanunua sare za sherehe ya siku moja, na hatulalamiki. Jamaa wa nyumba tatu wakiweka kidogo kidogo tangu Januari, hawashindwi ifikapo Juni. Chakula wakichukue nyumbani: viazi vitamu vilivyochemshwa, michembe, karanga na maziwa ya mgando vyatosha, na kwa kweli vyaafikiana na mahali pale kuliko soda na biskuti. Walimu nao waweza kufanya hivyo kwa madarasa yao, mradi wasiigeuze kuwa matembezi ya kupiga picha tu.

Baada ya kurudi, kazi haijaisha. Jioni ya pili au ya tatu, watoto waketi na madaftari yao, wasome waliyoandika, na mzee asahihishe. Liandikwe jina la babu, la baba wa babu, na la aliyemzaa huyo, na mahali walipozikwa. Iandikwe walihama kutoka wapi na kwa nini. Karatasi hiyo iwekwe pamoja na vyeti vya kuzaliwa. Serikali yaweza kujenga nyumba za makumbusho, lakini haiwezi kuandika habari za kila ukoo. Na kila mwaka upitao tunazika wazee wasioulizwa kitu.

Kwa kuwa ushairi ni kazi niliyoipenda tangu ujana, nimewatungia watoto waendao Bujora beti hizi mbili, wazisome njiani:

Ulizeni ngoma hizi, zilipigwa siku gani,
Na majembe ya wahunzi, yalifuliwa kwa nini,
Msione ni upuzi, hivi vitu vya zamani,
Tawi halizai tunda, likitengwa na shinale.

Dhahabu yatoka chini, kwa mizani hupimika,
Hekima ya vifuani, bei haitatajika,
Wana wafunzwe nyumbani, kabla hawajaondoka,
Tawi halizai tunda, likitengwa na shinale.

Dhahabu ya Geita na almasi ya Mwadui zitakwisha siku moja, kwa maana mali ya ardhini haizai. Mgodi wa Buzwagi, uliofunguliwa Kahama mwaka 2009, ulikwisha kufungwa kabla mtoto aliyezaliwa mwaka huo hajafikia kidato cha kwanza. Watu watabaki. Watabaki wakiwa watu wa namna gani, hilo halitaamuliwa na bei ya dhahabu. Litaamuliwa na yale ambayo baba na mama, babu na bibi, wamewaonyesha watoto wao na kuwaeleza. Bujora ipo, njia iko wazi, na wazee wachache wanaoweza kusema wangali nasi. Twende nao mapema.